Gauti iliyogeuka kano iliyochakaa: nimekatwa mfupa wa kisigino, tuongee kuhusu nyayo bapa za ukubwani

Mwl wa Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Dar kwa mdogo wangu, mguu wa kushoto uko juu ya mito miwili, hogo (ile plasta ngumu ya mfupa) limefika chini ya goti. Leo ni siku ya 19 tangu nitoke chumba cha upasuaji. Muda ninao, kwa hiyo uzi utakuwa mrefu. Mwenye haraka apite salama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 52, presha ninayo na mwili ninao (mnaonijua humu mnyamaze). Sikuzaliwa na nyayo bapa. Nikitoka kuoga nikakanyaga sakafu, alama ya wayo wangu ilikuwa na kiuno kama ya watu wengine. Siku moja nikaona ya kulia ina kiuno, ya kushoto imekuwa kama ya bata.

Wa kwanza kugundua hakuwa daktari. Ni fundi viatu pale Mwanga, Kigoma. Nilimpelekea viatu vya shule abadilishe soli, akavigeuza, akaniuliza: "Mwalimu, hiki cha kushoto unakilalia?" Kisigino kilikuwa kimelika upande wa ndani, cha kulia kizima kabisa. Nikamwambia abadilishe soli, maneno apunguze.

Maumivu yalikuwa yanakaa nyuma ya ule mfupa wa ndani uliotokeza kwenye kifundo, yanashuka hadi katikati ya wayo. Asubuhi nafuu, ikifika kipindi cha sita pamevimba. Nikaenda kituo kimoja, sitakitaja, nikaambiwa gauti. Damu haikupimwa. Nikakatazwa nyama, maharage, na dagaa. Mtu wa Kigoma unamkataza dagaa! Miezi minane nimekula mchicha na ndizi, mguu unavimba vilevile.

Mama mkubwa akaniletea mchuaji wa Kasulu na chupa ya mafuta ya mise. Siku tatu nililia kama mtoto. Halafu sehemu nyingine nikachomwa sindano palepale penye uvimbe. Hapo nikapona wiki tatu, nikawa natembea kutoka kituo cha reli kupandisha Barabara ya Lumumba hadi Mwanga bila kupumzika. Wiki ya nne nashuka kwenye mtumbwi Kibirizi, nikasikia kitu kimeachia ndani ya mguu. Hakikulia, kiliachia tu. Tangu siku ile upinde haukurudi.

Naendelea kesho, mkono umechoka.

Mpenda Migebuka

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Pole sana mwalimu. Hapo kwenye dagaa nimeumia kuliko wewe.

Mkata Kuni

Mimi nina nyayo bapa tangu nazaliwa. Nimecheza mpira, nimebeba magunia, nina miaka 45 na sijawahi kumeza hata panadoli kwa ajili ya mguu. Hizi operesheni ni biashara. Mtu anakatwa mfupa mzima kwa sababu ya umbo la wayo? Mngekubali tu kwamba Mungu kaumba tofauti tofauti.

Fizio wa Ziwani

Mkata Kuni, mguu wako uko sahihi. Kosa ni kuufananisha na wa mwalimu.

Simama kwa vidole hapo ulipo. Kama upinde unajitokeza na visigino vinaingia ndani kidogo, wayo wako ni bapa laini wa kuzaliwa. Watu wa namna yako ni wengi, na wasipoumwa hakuna wa kuwagusa. Wa mwalimu ni mguu uliokuwa na upinde ukaupoteza ukubwani. Kuna kano (kamba inayounga msuli na mfupa) inatoka nyuma ya muundi, inapinda nyuma ya ule mfupa wa ndani wa kifundo, inakwenda kushika mifupa ya katikati ya wayo. Kazi yake ni kuunyanyua upinde kila unapopiga hatua. Palepale inapopinda, damu inafika kidogo, kwa hiyo ikianza kuchanika haiponi kirahisi. Tunaiona zaidi kwa wanawake waliopita miaka 40, wenye uzito, presha au sukari. Kano ikilegea, mzigo unahamia kwenye ligamenti (nyuzi zinazounga mfupa kwa mfupa) za chini ya wayo, nazo zinavutika, kisigino kinalala nje, mbele ya mguu inageukia nje.

Ile sindano mwalimu, kama ilikuwa ya steroidi, ndiyo maana wengi wetu hatuitaki karibu na kano hiyo. Inazima maumivu, lakini inaweza kuidhoofisha hadi ikatike. Siwezi kusema ndicho kilichotokea kwako. Nasema wengine mnaosoma muulize jina la dawa kabla sindano haijaingia.

Mwl wa Ujiji

Ahsante Fizio. Jina la dawa sikuuliza, na kwenye daftari langu wameandika "sindano ya maumivu". Basi.

Naendelea. Hospitali ya mkoa nilikutana na daktari wa mifupa, kijana mdogo, nadhani ningeweza kuwa nimemfundisha. Hakugusa mguu kwanza. Aliniambia nivue viatu, nisimame nimpe mgongo. Akakaa chini nyuma yangu. Akasema, "Mama, kwa mguu wa kulia naona kidole kimoja na nusu. Kwa wa kushoto naona vinne." Yaani mbele ya mguu ilikuwa imegeukia nje kiasi kwamba mtu akiwa nyuma anahesabu vidole. Halafu akaniambia nishike ukuta, nisimame kwa mguu mmoja, ninyanyue kisigino. Wa kulia ukanyanyuka. Wa kushoto nikauambia upande, ukakataa. Hauumi hata sana, umekataa tu, kama swichi isiyo na umeme.

Kingine ambacho wengi hamjui. Nilikuwa na picha za eksirei mbili za zamani, zote zinasema mguu hauna tatizo. Akaniuliza, "Ulipigwa ukiwa umelala?" Ndiyo, juu ya kitanda. Akanipeleka nikapigwa upya nimesimama, miguu yote miwili imebeba uzito. Tofauti unaiona hata kama hujasoma. Kwa pembeni, mfupa wa juu wa kifundo na mfupa mrefu unaoelekea kidole gumba inatakiwa ipitiwe na mstari mmoja ulionyooka. Wangu mstari ulivunjika katikati ukaangalia chini. Ukilala kitandani upinde haubebi kitu, utaonekana mzima.

Hawakunikata haraka, Mkata Kuni, sikiliza hapo. Wiki sita za hogo. Baadaye soli ya ndani iliyoinuliwa upande wa upinde, mazoezi ya kuvuta mpira kwa mguu na kunyoosha shavu la mguu, na kupunguza kilo. Nilipunguza kilo tisa. Miezi saba hiyo. Mguu wa asubuhi ulipata nafuu, wa jioni haukupata. Nikapewa rufaa.

Mkata Kuni

Nimesimama kwa vidole. Upinde umetokea. Sawa nimekubali nusu.

Tausi wa Gungu

Mwalimu, samahani, hiyo operesheni wanafanya nini hasa? Dada yangu ameambiwa "watafunga viungo vyote", mwingine kaambiwa "watahamisha mshipa". Ni ugonjwa mmoja au miwili?

Fizio wa Ziwani

Ugonjwa mmoja, hatua tofauti, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa wakilinganisha operesheni zao.

Mwaka 1989 Johnson na Strom waligawa hali hii katika hatua 3, baadaye Myerson akaongeza ya 4. Ya kwanza kano inauma na kuvimba lakini mguu bado una umbo lake, na wengi hapo hawahitaji kisu. Akikatwa mtu hatua hiyo, mara nyingi ni kusafisha utando uliovimba kuzunguka kano. Ya pili umbo limeharibika ila ukiushika mguu kwa mikono unarudi mahali pake. Hapo daktari anajitahidi kuokoa viungo: anahamisha kano (ndiyo huo "mshipa" uliousikia) na kukata mifupa ili kuipanga upya. Ya tatu mguu umeganda, ukiugeuza haugeuki, na viungo vimeanza kusagika. Hapo ndipo "wanafunga viungo". Ya nne ugonjwa umepanda hadi kifundo chenyewe kimeinama. Mwaka 2020 kundi la mabingwa lilipendekeza jina jipya na mgawanyo mpya unaoangalia kila sehemu ya mguu peke yake, kwa sababu mtu anaweza kuwa kisigino bado laini na sehemu nyingine imeganda. Lakini kwa dada yako swali la kuuliza ni lilelile la zamani: mguu wangu unarudi ukishikwa, au umeganda?

Mwl wa Ujiji

Wangu ulikuwa unarudi. Bahati, kwa maneno ya daktari.

Nilichomwa ganzi ya mgongo, sikupewa nusu kaputi. Kwa hiyo nilisikia kila kitu isipokuwa maumivu. Pazia liko mbele yako huoni, ila msumeno unausikia, nyundo unaisikia. Nilijiona niko karakana ya seremala na mimi ndiye mninga. Nesi akaniuliza niimbe wimbo gani nipunguze woga, nikamwambia jedwali la saba linanitosha. Nimelisoma hadi saba mara kumi na mbili, mara nyingi.

Siku ya tatu daktari akaja na kalamu, akanichorea. Mambo waliyofanya ni manne kwa pamoja.

La kwanza, ile kano iliyochakaa waliikata sehemu mbovu. Akasema ilikuwa imenenepa na rangi ya udongo, wakati kano nzima inang'aa nyeupe. Mahali pake wakachukua kano ya jirani, inayokunja vile vidole vinne vidogo, wakaipitisha kwenye tundu walilotoboa katika mfupa mmoja wa juu ya upinde. Mfupa huo kwa Kilatini umepewa jina la mashua ndogo, kwa umbo lake. Nikafurahi, mtu wa ziwani nimewekewa kamba kwenye mtumbwi. Nikauliza, vidole vyangu je? Vitaendelea kukunjika, kwa nguvu pungufu, maana kuna misuli mingine midogo ya chini ya wayo na kano ya kidole gumba ina tawi linalosaidia.

La pili ndilo hilo la kichwa cha uzi. Kano ya jirani ni nyembamba kuliko ya zamani, haiwezi kazi peke yake ikiwa kisigino bado kimelala nje. Kwa hiyo mfupa wa kisigino unakatwa mshazari kutokea upande wa nje, kipande cha nyuma kinasukumwa ndani kama sentimita moja, kinafungwa kwa skrubu. Sababu yake nilielewa kwa mfano wa kamba ya kuanikia nguo. Nguzo ikishaegemea nje, kila nguo unayoanika inaizidisha kuegemea. Ile kano nene ya nyuma ya kisigino ilikuwa inanivuta hivyo. Ukihamisha nguzo kidogo, kamba ileile inaanza kukusaidia.

La tatu, kwa sababu ya vile vidole vinne vilivyokuwa vinaonekana nyuma, mfupa huohuo wa kisigino ulikatwa tena mbele, ukapanuliwa, wakachomeka kabari ya mfupa iliyotolewa kwenye nyonga yangu. Upande wa nje wa mguu ukirefuka, mbele ya mguu inarudi kuangalia mbele. Niwaambie ukweli, wiki ya kwanza nyonga iliniuma kuliko mguu. Hakuna aliyeniandaa kwa hilo.

La nne, wamelegeza msuli wa shavu la mguu, maana ulikuwa umefupika. Kajeraha kadogo, sikukasikia.

Mpenda Migebuka

Mwalimu umeeleza hadi nimeshika mguu wangu.

Babu Reli

Shikamooni nyote mnaostahili, na marahaba kwa wengine. Mimi nimestaafu reli, nipo Tabora, Cheyo. Nimesoma nikaona niongeze yangu kwa sababu ni ile ya "kuganda".

Nilivumilia miaka tisa. Kwa kazi yangu mguu unauma ni kama jua linawaka, husemi. Nilipofika kwa bingwa alishika kisigino akajaribu kukigeuza, kikagoma, akaniambia hapa kano haina kazi tena. Wakanifunga viungo vitatu vya nyuma ya mguu: kile cha chini ya kifundo na viwili vilivyo mbele yake. Gegedu, ile tabaka laini kati ya mifupa, linatolewa, mifupa inabanwa kwa vyuma, inaungana kuwa mmoja.

Maumivu yameondoka. Nasema yameondoka, sisemi yamepungua. Lakini kuna bei. Mguu unapanda na kushuka, haugeuki kushoto wala kulia. Barabara ya lami natembea kama kijana. Nikikanyaga kokoto za reli au matuta ya viazi, mwili mzima unayumba, maana mguu wa kawaida ndio unaomeza mabonde. Na daktari alinionya kwamba viungo vya jirani vitabeba kazi ya vile vilivyofungwa, vinaweza kuchakaa baada ya miaka. Sasa kifundo kinaanza kunisalimia asubuhi.

Lingine. Nilikuwa navuta sigara, nikaambiwa niache kwanza kwa sababu mifupa ya mvutaji inachelewa kuungana, mingine haiungani kabisa. Nilidanganya nimeacha. Kiungo kimoja kilichelewa miezi mitano. Nikaacha kweli.

Mwl wa Ujiji

Shikamoo babu. Nimesoma mara mbili.

Kijana wa Isevya

Habari wakuu, nami nipo Tabora. Naomba kuuliza haraka. Mama yangu ana sukari miaka mingi. Wiki mbili sasa mguu mmoja umevimba, upinde umeshuka ghafla, ukishika ni wa moto na mwekundu kidogo. Hauumi, anatembea sokoni kama kawaida. Jirani kasema ni huu ugonjwa wa uzi huu, tumtafutie soli. Soli zinapatikana wapi hapa Tabora?

Fizio wa Ziwani

Kijana, soli iache. Mama asikanyage mguu huo kuanzia sasa hivi, umpeleke hospitali kesho asubuhi, si Jumatatu.

Nitakueleza kwa nini nimeshtuka. Mgonjwa wa sukari wa muda mrefu, mguu umevimba, wa moto, umebadilika umbo, na HAUUMI. Kuna hali inaitwa mguu wa Charcot, kwa jina la daktari wa Ufaransa wa karne ya 19. Mishipa ya fahamu ya mguu imekufa ganzi, mifupa inavunjika na kusagika ndani, mwenyewe hasikii, anaendelea kwenda sokoni juu ya mifupa iliyovunjika. Inafanana sana na nyayo bapa, na inafanana pia na maambukizi, na damu iliyoganda kwenye mshipa, ndiyo maana lazima aonwe na daktari aamue. Sijamwona, siwezi kusema ndiyo. Ila kama ndiyo, kila siku anayokanyaga inahesabika. Tiba ya mwanzo kwa kawaida ni kufungwa hogo na kutokukanyaga kwa miezi, na wakati mguu una moto hivyo mara nyingi hawakimbilii kisu.

Mwambie daktari neno kwa neno: ana sukari, mguu ni wa moto, umebadilika umbo, hauumi. Na apigwe picha.

Babu Reli

Kijana, Isevya na Hospitali ya Kitete si mbali. Chukua bajaji, usimpakie bodaboda, mguu utaning'inia.

Kijana wa Isevya

Nimeelewa. Sijui nimwambieje mama, yeye anasema haumwi.

Mwl wa Ujiji

Mwambie unaenda wewe kupima presha na unaogopa kwenda peke yako. Akina mama tunasindikiza.

Kijana wa Isevya

Mrejesho. Imefanya kazi mbinu ya mwalimu. Wamempiga picha, mifupa miwili ya katikati imevunjika. Hakujua. Wamemfunga hogo, sukari iko juu wamembadilishia dawa, kurudi baada ya wiki moja hogo liangaliwe. Amenuna haongei na mimi. Ahsanteni sana, Fizio Mungu akubariki.

Fizio wa Ziwani

Anune. Hogo la mtu asiye na hisia linaweza kumchubua bila kujua, kwa hiyo tarehe ya kurudi usiiruke hata kwa msiba. Kila jioni angalia vidole, rangi na harufu. Na mguu wa pili uukague pia, unabeba mzigo wa miwili.

Tausi wa Gungu

Mwalimu, nirudi kwako. Gharama zikoje? Na wiki hizi unaishije bila kukanyaga? Dada yangu anaishi Mwandiga, choo ni cha nje.

Mwl wa Ujiji

Tausi umeuliza la maana kuliko yote, na hospitalini hakuna aliyeniuliza choo changu kikoje.

Gharama za kisu sitataja namba, kila mtu ana bima yake na vyuma vyake, na dada yako aombe hesabu iliyoandikwa kabla ya kupanga tarehe. Lakini kinachomaliza pesa ni kukaa. Dar si Kigoma. Nauli ni ya watu wawili, wewe na wa kukubeba. Nyuzi zinatolewa baada ya wiki mbili hivi na hogo linabadilishwa, wiki ya sita unapigwa picha tena kuona mifupa imeshika. Kati ya hapo huwezi kupanda treni ya siku mbili mguu unaning'inia, na daktari alinikataza safari ndefu mwanzoni kwa hofu ya damu kuganda. Nilikuwa najichoma sindano za tumboni kwa hilo. Kwa hiyo hesabu chakula cha watu wawili kwa miezi miwili, na kama hana ndugu Dar, ongeza kodi.

Wiki sita mguu haugusi chini. Haugusi maana yake haugusi, hata kuegemea kidogo ukipiga mswaki. Mifupa iliyokatwa inashikwa na skrubu tu wakati inajiunga.

Choo: mdogo wangu alichukua kiti cha plastiki cha kawaida, fundi akakitoboa tundu katikati, tunakisimamisha juu ya tundu la choo. Miguu ya kiti imefungwa mpira wa matairi isiteleze. Kuoga, kiti kingine, na hogo unalivisha mfuko wa nailoni na mpira juu ya goti. Magongo yajaribuni KABLA ya operesheni. Mimi nilidhani magongo ni kushika tu, nikakuta mikono haina nguvu ya kubeba kilo zangu, siku ya nne nilianguka kwenye korido, nikaangukia upande mzima kwa rehema za Mungu. Na kwa nyumba yenye ngazi au kile kilima cha kuelekea Mwandiga, ahamie kwa ndugu mwenye nyumba tambarare.

Jambo la mwisho, la nyumbani. Mume wangu ni mtu mwema. Lakini alifikiri wiki sita ni wiki mbili. Wiki ya tatu akapiga simu kuuliza nitarudi lini, mboga za nyumbani zimemshinda. Kaeni mkao huo mapema, nani anapika, nani anateka maji, iandikwe hata ukutani.

Mkata Kuni

Mwalimu, yote hayo, na ukipona unarudi kama zamani?

Mwl wa Ujiji

Nimemuuliza daktari hivyohivyo. Akajibu: "Nakupa mguu wa kutembea bila maumivu, sikupi mguu wa miaka 20." Aliniambia na mabaya yake pia: kidonda kuambukizwa, mfupa kutoungana, ganzi pembeni mwa mguu kwa mshipa wa fahamu kuguswa, upinde kurudi kushuka kidogo, au upande wa nje kuuma kwa ile kabari. Ganzi ninayo, sehemu ya upana wa sarafu chini ya jeraha la nje.

Mwl wa Ujiji

Mrejesho, wiki ya 13. Nipo Ujiji. Picha ya wiki ya sita ilionyesha mifupa imeanza kushika, nikavalishwa lile buti refu la plastiki, nikaanza kukanyaga kwa magongo mawili, moja, halafu bila. Siku ya kwanza kuweka wayo chini nilihisi nakanyaga mguu wa mtu mwingine. Shavu la mguu limekonda, limebaki kama la mtoto wa darasa la pili. Sasa nimevaa raba yenye soli. Jioni pamevimba bado, ila si pale pa zamani. Nimeambiwa uvimbe unaweza kuchukua hadi mwaka.

Kijana wa Isevya, mama anaendeleaje?

Kijana wa Isevya

Bado hogo, la nne hili. Moto umepungua, wanapima miguu yote miwili wanalinganisha joto. Ameanza kuongea na mimi, kwa kunituma.

Mwl wa Ujiji

Mrejesho, mwezi wa nane. Narudi darasani nusu siku. Ubaoni nasimama vipindi viwili mfululizo. Kusimama kwa vidole, miguu miwili naweza, mguu mmoja kisigino kinanyanyuka unene wa daftari la kurasa 80 kisha kinashuka. Fizio anasema wengine huchukua mwaka mzima, wengine hawafikishi. Mazoezi naendelea, mara mbili kwa siku, nashika jokofu.

Chini ya mwembe wa jirani penye mizizi bado napita polepole. Kilima cha Lumumba nimekipanda mara moja, nikapumzika mara mbili.

Lingine dogo. Mguu wa kushoto ukiwa na uvimbe na soli ya ndani unahitaji namba 41, wa kulia ni 40 kama zamani. Muuzaji hakukubali kutenganisha, nikalazimika kununua pea mbili za raba. Nimebaki na kushoto 40 na kulia 41, mpya kabisa, nyeusi. Mwenye mguu wa kulia mkubwa kuliko wa kushoto anitafute chemba.

Mkata Kuni

Mwalimu, wa kulia wangu ndio mkubwa. Bei gani?

Mwl wa Ujiji

Wewe nakupa bure, nauli ya bodaboda kutoka Ujiji juu yako.